Kusafisha Objekti Kupitia Kontena la Vitegemezi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wasanidi programu wa Dar es Salaam wanaoandika mifumo kwa Java, C#, Python na TypeScript, ambao kila mmoja kwa wakati wake hujikuta amekwama mahali pale pale: mfumo unawaka vizuri lakini hauzimiki vizuri. Mfano unaorudiwa humu ni wa kubuni, nao ni mfumo wa duka la jumla la Kariakoo unaopokea malipo ya simu, kuyaandika kwenye hifadhidata ya PostgreSQL na kumtumia mteja risiti kwa SMS. Majina ya methodi na mipangilio yameachwa kama yanavyoandikwa kwenye msimbo.

## Misingi

1. Kolibeki ya usafishaji ni nini?

Ni methodi au funksheni inayokabidhiwa kontena ili liiite pale objekti fulani inapofika mwisho wa uhai wake. Kontena la vitegemezi ndilo linaloamua objekti iundwe lini, ipewe vitegemezi gani (objekti nyingine inazozihitaji) na igawiwe kwa nani. Kwa hiyo ndilo pia linalojua ni lini hakuna tena anayeihitaji. Klasi inayotuma risiti haijui kama kuna klasi nyingine ambazo bado zinatumia muunganisho ule ule wa hifadhidata, wala haipaswi kujua. Ikiufunga yenyewe, itazikatia nyingine kazi katikati.

Katika Spring, fremuweki ya Java, kolibeki hiyo mara nyingi ni methodi yenye anotesheni `@PreDestroy`, katika .NET, jukwaa la C#, ni `Dispose` au `DisposeAsync`. Katika NestJS ya TypeScript ni `onModuleDestroy`. Na katika FastAPI ya Python ni mistari inayofuata baada ya `yield`. Majina yanatofautiana, lakini mkataba ni mmoja: aliyeunda objekti ndiye mwenye wajibu wa kuifunga. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanatokana na mkataba huo.

2. Kwani mkusanya taka hatoshi?

Hatoshi, kwa sababu yeye, ambaye kazi yake ni kufuta objekti zisizotumika tena, hushughulikia kumbukumbu peke yake, tena kwa wakati anaoutaka yeye. Hajui kwamba objekti ndogo sana upande wako imeshikilia muunganisho ambao, upande wa PostgreSQL, umetengewa mchakato mzima wa mfumo wa uendeshaji.

Hesabu yake ni ya kutisha kidogo. PostgreSQL huja ikiwa na `max_connections` (ukomo wa miunganisho kwa wakati mmoja) ya 100, na 3 kati ya hizo zimetengwa kwa ajili ya msimamizi mkuu. HikariCP, maktaba ya kutunza miunganisho ambayo Spring Boot huitumia isipoambiwa vinginevyo, hufungua hadi miunganisho 10 kwa kila akiba ya miunganisho. Nakala kumi za mfumo zikiwaka pamoja zinaweza kudai 100 wakati zilizobaki ni 97, na hapo bado hujahesabu nakala ya zamani iliyozimwa vibaya na ambayo seva haijatambua kwamba imeondoka.

Java ina `finalize`, methodi inayoitwa na mkusanya taka kabla ya kuifuta objekti, lakini Java 9 ya mwaka 2017 iliitangaza kuwa imepitwa na wakati, na Java 18 ya mwaka 2022 ikaitia alama ya kuondolewa kabisa. Usijenge chochote kipya juu yake.

3. Kontena husafisha objekti zipi hasa?

Husafisha zile lilizoziunda lenyewe na kuziweka kwenye orodha yake. Katika .NET, `AddSingleton<ITumaRisiti, TumaRisiti>()` huliachia kontena kazi ya kuunda, kwa hiyo `Dispose` itaitwa; lakini `AddSingleton<ITumaRisiti>(new TumaRisiti())` hulikabidhi kontena objekti iliyokwisha kuundwa na wewe, na kuifunga kunabaki kuwa kazi yako. Mistari hiyo miwili hufanana mno, na mkaguzi wa msimbo aliyechoka huipitisha bila kuona tofauti.

Spring hupanga mpaka wake mahali tofauti. Objekti inayorudishwa na methodi yenye `@Bean` huhesabiwa kuwa ya kontena hata kama ndani yake umeandika `new`; na ikiwa ina methodi ya wazi isiyo na vigezo iitwayo `close` au `shutdown`, Spring huiita wakati wa kuzima bila kuombwa. Kwa upande mwingine, objekti iliyoingizwa kwa `registerSingleton` haipati kolibeki yoyote.

4. Muda wa kuishi wa objekti unabadilisha nini?

Unabadilisha siku ya kufungwa. Singletoni, objekti moja inayotumiwa na mfumo mzima, hufungwa kontena lenyewe linapofungwa. Objekti ya skopu, yaani ya kipindi fulani cha kazi, hufungwa skopu yake inapoisha, kwa kawaida mwisho wa ombi moja la HTTP. Objekti ya muda mfupi, inayoundwa upya kila inapoombwa, ndiyo yenye utata: Spring huiunda, hukukabidhi, kisha huisahau, na `@PreDestroy` yake haiitwi kamwe; .NET huikumbuka mpaka skopu iliyoitoa ifungwe. Tabia zote mbili zina gharama yake, na ya pili imeelezwa kwenye swali la 11.

## Kusajili kolibeki

5. Nitumie anotesheni, kiolesura, au niitaje wakati wa kusajili?

Kwa klasi uliyoiandika mwenyewe, tumia kiolesura cha lugha yenyewe, yaani `AutoCloseable` au `IDisposable`, kwa kuwa klasi hiyo itaweza kufungwa hata nje ya kontena, kwa mfano ndani ya jaribio. Anotesheni ya `@PreDestroy` nayo ni sawa. Kiolesura cha `DisposableBean` cha Spring kinafanya kazi, lakini kinaifunga klasi yako kwenye fremuweki bila faida ya ziada.

Ukichanganya njia zaidi ya moja zenye majina tofauti ya methodi, Spring huita ya `@PreDestroy` kwanza, kisha `destroy` ya `DisposableBean`, kisha methodi uliyoitaja kwenye usajili. Kujua mpangilio huo kunasaidia unaposoma msimbo wa wengine. Katika msimbo wako, chagua njia moja.

6. Nimeweka `@PreDestroy`, mbona haiitwi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ugumu wake ni kwamba hakuna hitilafu inayoonekana: mfumo unazima kimya kimya na kazi haijafanyika.

Anza na pakiti uliyoingiza. Java 11 iliondoa `javax.annotation` kwenye JDK, hivyo watu huongeza maktaba ya nje na wakati mwingine huchukua isiyo sahihi. Spring 5 inaitambua ya `javax` tu, ukiweka `jakarta.annotation.PreDestroy`, kwake hilo ni pambo. Spring 7 nayo imegeuka: inaitambua ya `jakarta` peke yake.

Kisha angalia nani aliunda objekti. Ikiwa kuna `new` mahali fulani ndani ya klasi nyingine, kontena halijawahi kuiona (swali la 3). Ikiwa skopu yake ni `prototype`, yaani ya muda mfupi, kontena limekwisha kuisahau (swali la 4). Na ikiwa imewekewa `@Lazy` na hakuna aliyeiomba, haikuundwa kabisa, kwa hiyo hakuna cha kufunga.

Mwisho, hakikisha kontena lenyewe linafungwa. Spring Boot husajili ndoano ya kuzimia yenyewe, lakini Spring isiyo na Boot inahitaji uite `registerShutdownHook` au ufunge konteksti kwa mkono. NestJS haisikilizi ishara za mfumo wa uendeshaji mpaka uite `enableShutdownHooks`. Kama yote hayo yako sawa, tatizo liko nje ya programu. Soma swali la 15.

7. Objekti imetoka kwenye maktaba ya wengine na siwezi kuibadilisha. Nifanyeje?

Taja methodi ya kufungia wakati wa kusajili. Spring ina `@Bean(destroyMethod = "stop")`, na CDI, kiwango cha Java cha kontena za vitegemezi, ina methodi yenye kigezo chenye `@Disposes` inayokwenda sambamba na ile iliyozalisha objekti. Penye kontena lisilo na njia hiyo, andika klasi ndogo inayoibeba objekti ile na kutekeleza kiolesura cha kufungia.

Kinyume chake pia hutokea. Chanzo cha miunganisho kinachomilikiwa na seva ya programu na kupatikana kwa JNDI (saraka ya majina ya Java) hakitakiwi kufungwa na mfumo mmoja tu kati ya mingi inayokitumia. Hapo andika `destroyMethod = ""` ili Spring isikimbilie `close` iliyoiona.

8. Katika Guice kolibeki inasajiliwaje?

Haisajiliwi. Guice, kontena jingine la vitegemezi la Java, haina kolibeki za mwisho wa uhai, na huo ni uamuzi wa makusudi. Utahitaji rejista yako mwenyewe: orodha ambayo kila objekti inayohitaji kufungwa hujiandikisha inapoundwa, na ambayo programu kuu huipitia kutoka mwisho kuja mwanzo.

## Mpangilio na hitilafu

9. Kolibeki huitwa kwa mpangilio gani?

Kinyume cha uundaji. Anayebomoa nyumba huanza na bati, haanzi na msingi. Kadhalika kitumaji cha risiti, kinachotegemea hifadhidata, hufungwa kabla ya hifadhidata. Katika Spring mpangilio hufuata utegemezi unaojulikana na kontena, na pale utegemezi usipoonekana kwenye konstrakta unaweza kuutangaza kwa `@DependsOn`, ambayo huathiri kuwaka na kuzima pia.

.NET hufuata mpangilio wa kuundwa, haichunguzi nani anamtegemea nani. Mara nyingi matokeo ni yale yale, kwa kuwa kitegemezi kinachopitia konstrakta lazima kiundwe kwanza. Tofauti hutokea objekti inapokwenda kuomba kitegemezi baadaye, ndani ya methodi, kupitia `IServiceProvider`: kitegemezi hicho kitakuwa kimeundwa baada ya mwenyewe, na kwa hiyo kitafungwa kabla yake. Hiyo ni sababu moja nzuri ya kuacha tabia hiyo.

10. Kolibeki ikitupa hitilafu, nyingine zinaendelea?

Inategemea kontena. Spring huiandika kwenye logi kama onyo na kuendelea na objekti inayofuata. `ExitStack` ya Python, inayotunza orodha ya kolibeki, huendelea kuita zilizobaki, kisha hitilafu hutoka mwishoni ikiwa imeunganishwa na zilizoitangulia. Usitegemee tofauti hizi. Ndani ya kolibeki shika hitilafu, iandike kwenye logi pamoja na jina la objekti, na urudi. Mfumo unaozima hauna mtu wa kumrushia.

## Skopu na kazi za nyuma

11. Kumbukumbu ya mfumo wetu wa .NET inaongezeka polepole mpaka seva inaelemewa. Je, inahusiana na hili?

Mara nyingi inahusiana. Kama ilivyoelezwa kwenye swali la 4, kontena la .NET hukumbuka kila objekti ya muda mfupi yenye `IDisposable` iliyotolewa, ili liifunge skopu inapoisha. Ikiwa imetolewa na mtoaji wa mzizi (kontena lenyewe, nje ya skopu yoyote), skopu hiyo ni maisha yote ya programu. Kila malipo yanayoingia yanaongeza objekti moja kwenye orodha ambayo haitapunguzwa mpaka siku ya kuzima, na mkusanya taka hawezi kuzigusa kwa sababu kontena bado linazishikilia. Kuita `Dispose` kwa mkono kunafunga rasilimali, lakini hakuiondoi objekti kwenye orodha.

Kuna tiba mbili. Ya kwanza ni kufungua skopu kwa kila kipande cha kazi na kuomba objekti humo. Ya pili, inayofaa pale mwitaji anapojua wazi ni lini amemaliza, ni kusajili klasi ndogo ya kuundia ambayo hurudisha objekti mpya kwa `new`, ili umiliki uwe wa mwitaji na kontena lisiingie kabisa. Mimi huegemea ya pili kwa objekti zinazoishi ndani ya methodi moja.

CDI ina mtego wa aina hiyo hiyo: objekti ya `@Dependent` iliyopatikana kwa `Instance.get()` huambatana na aliyeiomba, na kama huyo anaishi muda mrefu, zinarundikana. CDI 1.1 iliongeza `Instance.destroy()` kwa ajili hiyo.

12. Kazi ya nyuma inayozunguka bila kukoma itumie skopu ipi?

Ifungue skopu mpya kwa kila mzunguko, na si moja kwa maisha yake yote. Kazi inayopitia foleni ya SMS kila baada ya sekunde chache haina ombi la HTTP la kuipa skopu. Ikichukua muunganisho mara moja mwanzoni, itaushikilia hadi mfumo uzimwe. Katika .NET tumia `CreateAsyncScope`, iliyoletwa na .NET 6 mwaka 2021. Washa pia `ValidateScopes` wakati wa utengenezaji, ili singletoni inayojaribu kubeba objekti ya skopu ikataliwe mapema.

13. Katika FastAPI, mistari iliyo baada ya `yield` wakati mwingine hurukwa?

Ndiyo, hurukwa ikiwa hukuweka `try` na `finally`. Hitilafu iliyotokea wakati wa kushughulikia ombi huibuka pale pale penye `yield`, na mistari inayofuata haitafikiwa. Weka `yield` ndani ya `try` na usafishaji ndani ya `finally`. Nje ya FastAPI, `ExitStack` na mwenzake `AsyncExitStack` hutosha kabisa kwa mradi wa Python ambao hauhitaji kontena zito.

14. Usafishaji wenyewe unahitaji kusubiri mtandao. Kuna shida?

Shida ipo pale objekti inapotekeleza `IAsyncDisposable` peke yake na skopu ikafungwa kwa `Dispose` ya kawaida: .NET hutupa `InvalidOperationException`. Funga skopu kwa `await using`, au tekeleza violesura vyote viwili kama huna uhakika nani atakuwa anaifunga. Kila kusubiri kwa mtandao kuwekewe ukomo wa muda, sababu inafuata.

## Kuzima mfumo

15. Tunapopandisha toleo jipya, kolibeki hukatizwa katikati. Kwa nini?

Kwa sababu kuna saa inayohesabu, nayo iko nje ya programu yako. `docker stop` hutuma SIGTERM (ishara ya kuiomba programu izime), husubiri sekunde 10, kisha huua kwa SIGKILL (ishara isiyoweza kukataliwa). Miongoni mwa mifumo mingine ya kuendeshea programu, Kubernetes hutoa sekunde 30 na systemd sekunde 90, zisipobadilishwa. Spring Boot nayo huipa kila awamu ya kuzima sekunde 30, na .NET huipa programu nzima sekunde 30 tangu toleo la 6, wakati awali zilikuwa 5. Spring Boot inayosubiri sekunde 30 ndani ya kontena la Docker (boksi la kuendeshea programu, si kontena la vitegemezi) linalopewa 10 haitamaliza, na logi haitakueleza chochote.

Panga nambari hizo kutoka ndani kwenda nje: ukomo wa kila kolibeki uwe mdogo kuliko ukomo wa fremuweki, nao uwe mdogo kuliko wa anayeua. Kama mtoa huduma wa SMS yuko nje ya nchi na majibu yake huchukua muda, ongeza ukomo wa nje kwa `docker stop -t` au `terminationGracePeriodSeconds`.

Chunguza pia kama SIGTERM inafika. Programu ikianzishwa kupitia hati ya sheli, sheli ndiyo inayokuwa mchakato nambari 1 na mara nyingi haipitishi ishara kwa mtoto wake. Andika `exec` mbele ya amri ya mwisho.

16. Umeme ukikatika je?

Kolibeki haiitwi. Haiitwi pia kwa `kill -9`, wala pale mfumo wa uendeshaji unapoua mchakato kwa kukosa kumbukumbu. Seva iliyo ofisini, iwe Kinondoni au Temeke, iunganishwe na UPS inayoweza kuzungumza na kompyuta, na programu kama Network UPS Tools iiamuru izime kwa utaratibu kabla betri haijakwisha. Hapo SIGTERM itapatikana na kolibeki zitafanya kazi.

Hata hivyo, data isiyotakiwa kupotea isitegemee hilo. PostgreSQL, katika mipangilio yake ya kawaida, haithibitishi muamala mpaka kumbukumbu zake za kuandikia ziwe zimefika kwenye diski. Andika malipo na risiti inayosubiri kutumwa katika muamala mmoja, kisha kazi ya nyuma itume. Mfumo ukirudi, risiti zitakuwa bado zipo kwenye jedwali.

17. Naweza kufunga hesabu za siku ndani ya kolibeki?

Hapana. Hiyo ni kazi ya biashara na ina ratiba yake. Kolibeki huitwa kila toleo jipya linapopandishwa, hata saa nne asubuhi duka likiwa limejaa wateja.

## Hali za pembezoni

18. Nitaijaribuje?

Unda kontena ndani ya jaribio, omba objekti, funga kontena, kisha hakikisha objekti iko katika hali ya kufungwa. Jaribio la namna hiyo hukamata usajili uliokosewa, jambo ambalo jaribio linaloita `close` moja kwa moja haliwezi. Angalau mara moja kabla ya kupeleka kwa mteja, washa mfumo mzima, utumie `kill` bila `-9`, na usome logi.

19. Objekti ikishindwa kuundwa katikati, kolibeki yake itaitwa?

Yake haitaitwa, za zile zilizokwisha kukamilika ndizo zitaitwa. Spring ikishindwa kuwaka huziharibu objekti zilizokwisha kuundwa, lakini ile ambayo konstrakta au `@PostConstruct` yake imetupa hitilafu haikuwahi kuandikishwa kwenye orodha ya kufungwa. Kwa hiyo klasi inayofungua faili na kisha muunganisho lazima ifunge faili yenyewe muunganisho ukikataa. Nafuu zaidi ni kugawa: kila rasilimali iwe na objekti yake, na kontena libebe mzigo huo.

20. Kolibeki inaweza kuitwa mara mbili kwa objekti moja?

Inaweza, na uiandike ukilitarajia hilo. Katika .NET hali ya kawaida ni objekti moja kusajiliwa kwa violesura viwili, ambapo usajili wa pili ni funksheni inayoirudisha ile ya kwanza kwa `GetRequiredService`. Kontena huona matokeo ya funksheni hiyo kuwa objekti nyingine ya kufungwa, na `Dispose` huitwa mara mbili. Nyaraka za .NET zinataka `Dispose` ivumilie kuitwa tena. Katika Java, `Closeable` inadai hivyo hivyo, ila `AutoCloseable` inapendekeza tu bila kulazimisha. Kwa hiyo unapobeba objekti ya maktaba yenye `AutoCloseable` kama ilivyoelezwa kwenye swali la 7, weka `AtomicBoolean` ndani ya klasi yako na uitumie `compareAndSet` kuhakikisha kwamba mwito wa pili unarudi bila kugusa kitu.